Kamba wangu wa mishikaki wanageuka uji, naomba msaada kabla ya Jumamosi

BintiWaNahodha (Tabata)
Habari za jioni wapendwa. Jumapili iliyopita nilimchomea mzee wangu mishikaki ya vitu vya baharini ikaniharibikia vibaya, na sijaelewa nilikosea wapi.

Mzee alikuwa nahodha wa jahazi Mafia kwa miaka mingi. Sasa macho yamepungua nuru na meno yamebaki machache, tumemleta kukaa na sisi. Tangu aje, chakula anachokitaja ni kamba wa kuchoma. Na kwa joto hili la kaskazi, wali haumshuki kabisa mchana. Nikaona nimchanganyie na matunda na mboga, kiwe chakula chepesi.

Nilinunua soko la samaki la Feri kilo moja ya kamba na nusu kilo ya ngisi, saa nne asubuhi siku ya Jumamosi. Usiku nikawalaza kwenye juisi ya nanasi, ndimu, kitunguu saumu na chumvi, nikaweka kwenye friji. Kesho yake nikatunga vyote kwenye kijiti kimoja: kamba, nanasi, ngisi, hoho, embe, kitunguu, nyanya. Jiko la mkaa.

Kamba walikuwa laini kama uji, ukiwabonyeza wanaachana. Ngisi kama kandambili. Hoho mbichi. Embe lilidondokea kwenye mkaa, vijiti navyo vikashika moto. Mzee alitafuna kipande kimoja cha ngisi kwa muda mrefu, kisha akakitoa taratibu na kukificha chini ya kitunguu pembeni ya sahani ili nisione. Niliona. Roho iliniuma sana.

Jumamosi hii wadogo zangu wote wanakuja kumwona. Nataka nimchomee tena, ale ashibe. Nisaidieni.

Mama Mwanaidi
Pole mwanangu, na Mungu akubariki kwa kumtunza mzee. Vijiti viloweke kwenye maji nusu saa au zaidi kabla ya kutunga, havitawaka ovyo. Na jiko usiwashe kwa mafuta ya taa, kamba wanadaka harufu yote. Washa kwa vifuu vya nazi.

JikoLaMagomeni
Dada, kilichokuponza ni nanasi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoitwa bromeleni, kazi yake ni kuvunjavunja protini. Si unajua mishikaki ya ng'ombe tunapaka papai bichi ili ilainike? Ni mambo yaleyale, papai nalo lina kimeng'enya chake. Sasa nyama ya ng'ombe ni ngumu, inavumilia. Kamba nyama yake ni teke, ukimlaza usiku kucha kwenye juisi ya nanasi, asubuhi unakuta ameshasagika kabla hata hajaona moto. Na ndimu ikikaa muda mrefu inampika kamba bila jiko, anageuka mweupe, ukimchoma tena anakauka.

Fanya hivi: kamba wapake mafuta, kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na pilipili manga. Ndimu kamua robo saa kabla ya kuchoma, au kamulia mezani kabisa, mimi napenda hivyo zaidi. Kama unataka ladha ya nanasi kwenye viungo, chemsha juisi yake kwanza mpaka itokote vizuri kisha ipoze. Moto unaua kile kimeng'enya, utamu unabaki.

La pili ni hicho kijiti kimoja. Kamba mkubwa anaiva kwa dakika mbili au tatu kila upande. Ngisi ni dakika mbili tu kwa jumla juu ya moto mkali, ukipitiliza hapo anakaza, na kumlainisha tena ni kumchemsha nusu saa na zaidi. Hoho na kitunguu vinataka dakika nane mpaka kumi. Ukivitunga pamoja lazima kimoja kiumie. Kila kitu kiwe na kijiti chake, mboga zitangulie, kamba wafuate, ngisi amalizie. Mtachanganya kwenye sinia.

Kamba tunga kwa vijiti viwili sambamba, kimoja karibu na kichwa kingine karibu na mkia, asizunguke ukimgeuza. Akijikunja nusu duara na kuwa mwekundu, mtoe. Akijifunga kama pete amepitiliza.

PantoniKilaSiku (Kigamboni)
Mimi nazungumzia Feri maana napita pale kila asubuhi. Saa nne umechelewa mama, kwa joto hili. Nenda saa kumi na mbili na ndoo yenye barafu. Kamba shika kichwa: kikiwa kimekaza mwilini, sawa. Kikilegea au kikiwa cheusi, achana naye hata kama bei inavutia. Ngisi awe mweupe wa kung'aa, akianza kuwa na rangi ya waridi kalala huyo. Na wachome siku hiyohiyo.

JikoLaMagomeni
Kweli kabisa. Kamba wa kulala na juisi ya nanasi, vyote viwili kwa pamoja, wasingepona.

Shangazi wa Chang'ombe
Mimi nakataa kidogo hilo la kutenganisha kila kitu. Kamba na nanasi vinapendeza kwenye kijiti kimoja, utamu wa kamba unaingia kwenye nanasi. Ila kata nanasi jembamba, unene wa kidole kidogo, na utunge dakika ile ile unayopeleka motoni, visikae pamoja kusubiri wageni. Embe chukua dodo lililoanza kuiva lakini bado gumu, likate vipande vikubwa na uliache na ganda upande mmoja. Ganda ndilo linalolishika lisidondoke.

Mkaa subiri uvae jivu jeupe. Shikilia kiganja juu ya wavu bila kuugusa: ukishindwa kuhesabu mpaka nne, moto umefika. Paka wavu mafuta. Na yale maji ya viungo walimokuwa kamba wabichi usiyapake tena kwenye mishikaki iliyoiva, mtaumwa matumbo.

BintiWaNahodha (Tabata)
Asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari. Swali moja: mzee anatamani na pweza, lakini kwa meno yale?

Mama Mwanaidi
Anakula vizuri tu. Mgandishe kwenye friza usiku mmoja, barafu inamlainisha. Kisha myeyushe, umchemshe taratibu kama saa moja, mpaka uma uingie bila kusukuma. Ndipo umbanike, dakika mbili za kumpa harufu ya moshi. Tui zito la nazi liive na bizari, ndimu kidogo na chumvi, umpake akiwa motoni kama samaki wa kupaka. Usitafute brashi, ponda shina la mchaichai mpaka lichanue nyuzi, lichovye kwenye tui upake nalo. Ngisi mwachie vijana wenye meno.

BintiWaNahodha (Tabata)
Mrejesho, wapendwa wangu. Pweza nilimnunua Ijumaa nikamgandisha. Jumamosi saa kumi na mbili na robo nilikuwa Feri, kamba nikawashika vichwa mmoja mmoja mpaka muuzaji akauliza kama natafuta dhahabu. Vifuu vilishika haraka. Hoho niliziunguza upande mmoja kwa sababu nilikuwa naangalia kamba, lakini zililika.

Kamba wametoka wamekaza, wana utamu wao wenyewe. Kijiti cha nanasi cha Shangazi kiliisha kwanza, watoto waligombea. Embe lenye ganda halikudondoka hata moja. Wadogo zangu wamemaliza ngisi.

Mzee alikaa karibu kabisa na jiko, akawa ananiambia geuza kwa kusikiliza mlio tu. Alikula kamba tisa, nilihesabu, na pweza aliomba aongezewe tui. Vichwa vya kamba amenikataza kutupa. Nimeviweka sufuriani na nyanya na pilipili mbuzi, naandika haya huku vinachemka, na yeye ameshavuta kiti jikoni anasubiri supu.