Ufunuo inafunga na "hapana bahari tena", sisi watu wa pwani tunaelewaje?

mtoto_wa_dunda
Wakuu salama? Niko Bagamoyo. Juzi kwenye jumuiya tumemaliza Ufunuo, tulipofika sura ya 21 pale "wala hapana bahari tena" mzee mmoja mwenye ngalawa akasema basi mimi huko sina kazi, watu wakacheka ila mimi limenikaa kichwani. Biblia imeanza na Roho juu ya maji halafu mwishoni bahari inafutwa? Na baada ya moto na mapigo yote yale inamaliza na "naja upesi" na neema, basi, kama imekatika vile. Wenye uelewa nisaidieni, msinitumie klipu za manabii.

dada_chumbageni
Kaka, kumbuka Yohana, mwandishi wa Ufunuo, alikuwa kisiwani Patmo, maji kila upande, makanisa yake saba yako ng'ambo Efeso, Smirna na kwengineko. Halafu angalia, mnyama wa sura ya 13 anatokea wapi? Baharini. Sura ya 20 bahari inawatoa wafu wake. Kinachofutwa ni kile kinachomeza watu, na huku Tanga nyumba ngapi zina mtu alitoka kuvua wakati wa kusi hajarudi mpaka leo. Mto lakini upo, 22:1, na mti unazaa kila mwezi.

bisha_hodi
"Upesi" gani ya karibu miaka 2000 jamani 😂

shemasi_mstaafu
Bisha, watu watakujibu siku moja kama miaka elfu, 2 Petro 3:8, wanaishia hapo. Mstari wa 9 ndio wenye jibu, anavumilia kwa sababu hapendi mtu yeyote apotee. Na mtoa mada, haijakatika. Malaki inafunga Agano la Kale kwa kutaja laana, huku inafunga kwa neema kwa wote. Anasema naja, kanisa linajibu "na uje, Bwana Yesu", ndo maana mpaka leo kwenye misa tunasema mpaka utakapokuja. Ila kusubiri sio kukaa kibarazani, 22:12 anakuja kumlipa kila mtu kwa kazi yake, na Paulo aliwaambia Wathesalonike asiyetaka kufanya kazi asile.

mtoto_wa_dunda
Nimekupata mzee wangu, shikamoo. Na lile onyo la 22:18 la kuongeza maneno ni la Biblia nzima?

dada_chumbageni
Anasema "kitabu hiki", yaani Ufunuo wenyewe, wakati ule Biblia ilikuwa haijakusanywa pamoja. Ila hao wanaopanga tarehe ya mwisho wa dunia linawahusu vizuri tu.