Mjadala: Mgonjwa wa presha Pemba, meseji itamsaidia nini?

Mleta mada (Micheweni):
Assalaam alaykum. Juzi barazani tumebishana mpaka chai ikapoa. Wenzangu wanataka wagonjwa wa presha vijijini waandikishwe namba za simu, watumiwe meseji kila asubuhi: kunywa dawa, punguza chumvi, kesho kliniki. Wanasema gharama ni ndogo, na mbona wahudumu wa afya wa kujitolea wa mashehiani tayari wanatembea na simu katika mpango wa Jamii ni Afya, wakifuatilia wajawazito na watoto? Presha nayo iingizwe humo.

Mie nimepinga. Bibi yangu ana presha. Simu yake kitochi, kimefungwa mpira ili betri lisidondoke. Meseji ikiingia anajua kwa mlio tu, kisha anamngoja mjukuu wa darasa la nne arudi skuli amsomee. Ya asubuhi inasomwa alasiri. Lakini hilo dogo. Mwezi uliopita alikwenda kituoni akaambiwa vidonge vimekwisha, akanunue dukani. Alirudi na kile kikaratasi kakifunga kwenye pindo la kanga, na mpaka leo kimo. Mtu huyo ukimwandikia "usisahau dawa", unamkumbusha nini? Hakusahau. Hana.

Seremala (Wete):
Kwani kila mwenye presha ni bibi? Mie n'na miaka 38. Nilimsindikiza jirani hospitali, nikapimwa kwa mzaha tu, ikaja 168 kwa 104. Hata kichwa kilikuwa hakiniumi! Nikanywa vidonge wiki mbili, nikajiona mzima, nikaacha. Mtu kama mie anataka wa kumsumbua kila siku, na simu inasumbua kuliko mke.

Mchangiaji (Makunduchi):
Simu ya nyumba moja hushikwa na watu watano. Binti ana posa, meseji ya presha inaingia, wifi anaisoma. Hapo pana siri tena? Na Ramadhani hiyo "kunywa dawa" ya saa mbili asubuhi mtaituma vilevile?

Muuguzi (Mkoani):
Ya Ramadhani ni rahisi, wengi huhamishia dawa daku au futari, ila waulize kwanza kituoni, wasijipangie.

Kuhusu meseji, jambo hili limeshapimwa. Cape Town walifuata wagonjwa 1,372 kwa mwaka mzima, matokeo yakachapishwa 2016. Waliotumiwa meseji, namba yao ya juu ilishuka kama pointi 2 tu zaidi ya wasiotumiwa. Pointi 2! Ukimpima mtu yuleyule mara mbili asubuhi moja, tofauti huwa kubwa kuliko hiyo.

Lakini, mleta mada, usishangilie. Kliniki zetu nyingi ni za daftari. Mgonjwa akipotea miezi minne hatumjui kapotea, mpaka aletwe kabebwa na mdomo umepinda. Mie huwapigia, kwa vocha yangu mwenyewe. Kuna mzee aliniambia "ile dawa imenivimbisha miguu, nimeitupa". Ilikuwa amlodipini, na kweli kuna inaowavimbisha. Alibadilishiwa, akarudi. Meseji ingemsikia wapi?

Na zile programu za kuweka kidole kwenye kamera ati upimwe presha, zifuteni. Presha hupimwa kwa mashine ya mkanda wa mkononi, mtu kakaa dakika 5, kaegemea, miguu chini, hazungumzi. Sio kafika sasa hivi na baskeli, anahema, mnamvisha mkanda juu ya mkono wa koti.

Mchangiaji (Konde):
Hiyo "punguza chumvi" nayo aiandike mtu anayekula tunachokula. WHO wanasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Mke wangu hatii chumvi mchuzini kabisa, anajisifu. Mchuzi wenyewe wa ng'onda, samaki wa chumvi aliyekaushwa! Msimu wa karafuu, kambini, ni ng'onda asubuhi na jioni, na mtandao mpaka upande juu ya mkarafuu.

Mleta mada:
Muuguzi, hapo umenipata. Basi vocha apewe muuguzi, na mashine yenye mkanda unaomtosha mtu mnene na mwembamba. Lakini la vidonge mmelikwepa nyote. Seremala, ukumbushwe, wende, ukute hamna?

Seremala (Wete):
Nitanunua.

Mleta mada:
Wewe una randa. Bibi ana kuku watatu.

Muuguzi (Mkoani):
Basi meseji igeuzwe njia. Isiende kwa bibi, itoke kituoni iende bohari: vidonge vimebaki vya wiki mbili, leteni. Hiyo hata kitochi kinaiweza.

Mleta mada:
Hiyo naiunga mkono leo leo. Ila niambie, huko bohari nani ataisoma, na asipojibu tumpigie nani?