Naombeni ushauri: baraza la Alhamisi Mandera, nisemeje kuhusu njia badala ya ua wa mpaka?

MtuWaDaua: Assalaam aleikum wakuu. Chifu ameitisha baraza Alhamisi na vijana wa mtaa wamenichagua niwasemee. Swali tuliloletewa ni hili: kama hatutaki ule ua wa waya kati yetu na Bula Hawa, upande wa Somalia, umaliziwe, tunataka nini? Sijawahi kusimama mbele ya watu, usiku silali. Mimi naona mpaka ufunguliwe rasmi, pawe na forodha na uhamiaji, kila anayevuka aandikwe. Niseme vipi nisikilizwe?

Wa_Nyeri: Pole kwa mzigo, ndugu. Ila ukisimama hapo utukumbuke na sisi. Binamu yangu alikuwa mvunja mawe huko Mandera. Desemba 2014 Al-Shabaab waliwaua 36 kwa usiku mmoja, siku chache tu baada ya kuwaua wale 28 wa basi. Wiki hiyo alikuwa ametuma karo ya mwanawe. Ukiniuliza mimi, jengeni ua hadi juu kabisa.

Bint_Elwak: Pole sana ndugu yangu, Mungu amrehemu. Nami nikukumbushe Desemba 2015. Basi lilisimamishwa, abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo, kina mama wakawafunika wenzao kwa mitandio. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki mwezi uliofuata. Waliookoa watu pale ni watu. MtuWaDaua, sema hivi: mwananchi apate mahali pa kupeleka habari bila jina lake kujulikana mjini kabla ya jioni. Nyumba Kumi, ule ulinzi wa majirani, haifanyi kazi kama anayesema anaogopa kufa.

Dereva_Texas: Mimi napakia mizigo Laredo, mpaka wa Marekani na Meksiko. Kule mji wenyewe uliupinga ukuta. Mwaka 2020 waliandika barabarani, mbele ya mahakama, herufi kubwa za kutaka ukuta unyimwe fedha. Miaka mingi wamekuwa wakisema: fyekeni matete ya kando ya mto ili askari waone mbali. Hebu fikiria Mto Daua na vichaka vyake.

MamaWaGoma: Nilikaa Goma, Kongo, miaka sita. Asubuhi nilivuka mpaka pale Petite Barrière na beseni la nyanya kwenda Gisenyi, Rwanda, nikiwa na karatasi ndogo ya kuvukia tunayoiita jeton. Siku moja askari aliishika akaigeuza, akaniuliza mtoto amepona? Alikuwa ananijua! Mwanamke anayevuka kila siku hujulikana hata viatu vyake. Anayepita porini nani amjue?

Kijana_Kisauni: Mkuu, shauri lako ni zuri ila umeng'ang'ania kufungua tu. Taa je? Polisi wa akiba je? Una nini huko ng'ambo?

MtuWaDaua: Nina jamaa, kama kila mtu hapa.

Kijana_Kisauni: Jamaa tu?

MtuWaDaua: Sawa, niseme. Mei 2023 serikali ilipotangaza itafungua, nilikopa kwa mjomba, nikakodi stoo upande wa Bula Hawa na kulipa kodi ya mwaka. Nikajaza mchele, tambi na maziwa ya unga. Julai wakaahirisha kwa sababu ya mashambulizi. Toka hapo nalipa wabebaji, nalipa na njiani. Msinihukumu. Mpaka ulifungwa 2011, nilifanya hesabu kwa neno la serikali. Na mkataba nimeshauongeza mwaka mwingine.

Ustadh_Malindi: Mali inayopita njia ya kificho haina baraka, kijana wangu. Tena barazani utasema kwa niaba ya wengi huku moyo uko stoo.

Hoja_Nzito: Wakuu, simameni kidogo. Machi 2019 Bunge lilisimamisha mradi wa ua huo baada ya kuambiwa shilingi bilioni 3.3 zimeishia kwenye kilomita kama 10. Baraza la ua gani leo? Huyu ama ni mwandishi anayeokota maneno, ama anapima nani anajua nini kuhusu ulinzi wa mji. Bint_Elwak, futa ulichoandika.

Bint_Elwak: Sijaandika siri yoyote. Ila swali lako nalo ni la haki. MtuWaDaua, jibu.

MtuWaDaua: Soma tena nilivyoandika. Nimesema *umaliziwe*. Kusimamishwa si kufutwa, na kila kukitokea shambulio habari yake hurudi. Siwezi kuweka picha ya barua ya chifu hapa, ina majina ya watu.

Hoja_Nzito: Jibu la kila mtunzi.

Wa_Nyeri: Mimi namwamini. Mtu wa kutunga asingetaja deni la mjomba. Ndugu, taja stoo yako mwanzo kabisa, kabla ya neno lingine, halafu useme ya taa, matete na karatasi za kuvukia.

MtuWaDaua: Nikiitaja, vijana watasema nimewatumia.

Wa_Nyeri: Watasikia Ijumaa sokoni, na hapo hata la taa hawatalikubali.

MtuWaDaua: Fedha ni za mjomba, na hajui kama nimeongeza mkataba. Ngoja nimpigie kwanza.