Usimamizi wa miradi ufundishwe shule ya msingi, au tunawaongezea watoto mzigo?

Mchoraratiba (mleta mada)
Kuanzia miaka tisa hivi mtoto afundishwe kuigawa kazi kubwa vipande vipande, kuipanga na kuifuatilia. Sitaki somo jipya lenye mtihani, vipindi sita ndani ya sayansi vinatosha. Mfano ni maonyesho ya kuota kwa maharage. Wanaanza na siku ya maonyesho, wanahesabu kurudi nyuma. Maharage yapewe siku 7 hadi 10 za kuchipua, na wiki moja ya kupima urefu. Bango ni siku tatu. Mtoto akiachwa ataanza na bango kwa sababu lina rangi, na siku ikifika ana bango zuri na kopo la udongo mtupu. Mnasemaje?

Chaki Nyeupe
Mkuu, kipindi ni dakika 40. Toa kumi za kugawa vifaa na tano za kukusanya. Kila mwaka anakuja mtu na jambo lake la kuchomeka "ndani ya sayansi": mara ujasiriamali, mara stadi za maisha. Sayansi yenyewe ifundishwe lini? Nyie wenye vyeti vya usimamizi mnatafuta soko tu.

Mchoraratiba
Vyeti vimeingiaje hapa? Nimetaja maharage na bango, siuzi kitu. Henry Gantt, mhandisi wa Marekani, alipochora ile chati ya mistari, kila kazi na mstari wa muda wake, miaka ya 1910 hakuwa anatafuta cheti. Alitaka msimamizi wa karakana akitupa jicho aone kazi ipi imechelewa.

Rula ya Zamani
Gantt hakuwa wa kwanza. Karol Adamecki, mhandisi wa Poland, alibuni chati yake mwaka 1896. Ila andiko lake linalotajwa sana ni la 1931, kwa Kipolandi, wengi hawakulisoma.

Fundi Nondo
Na ile chati ya miduara na mishale, inayoonyesha kazi ipi inafuata ipi, ni ya jeshi la Marekani, kombora la Polaris, 1960 na kitu.

Rula ya Zamani
1958, jeshi la majini. Hiyo inaitwa PERT, usiichanganye na njia ya DuPont, kampuni ya kemikali ya Marekani, ya 1957, ambayo kila kazi ina kadirio moja la muda. PERT ina matatu: zuri, la kawaida na baya. La kawaida unalizidisha kwa nne, unajumlisha yote, unagawa kwa sita.

Kipindi cha Nane
Hapo Rula kaleta kitu bila kukusudia. Miaka 11 wanaiweza hiyo. Kuchora ramani: siku 2 mambo yakinyooka, 4 kwa kawaida, 12 yakiharibika. 2+16+12 ni 30, gawa kwa 6, siku 5. Wastani umefundishwa na silabasi haijaguswa.

Chaki Nyeupe
Hiyo 12 kaitoa wapi? Namba ya kubuni ukiigawa kwa sita inabaki ya kubuni.

Kipindi cha Nane
Kwenye rekodi, mwalimu. Mradi wa kwanza haukadiriwi kabisa: kila kazi ina kadi yake, ikichukuliwa inaandikwa tarehe, ikimalizika inaandikwa tarehe. Makadirio yanaanza mradi wa pili.

Fundi Nondo
Na msimcheke mtoto. Jumba la opera la Sydney lilikadiriwa dola milioni 7 za Australia, likaishia milioni 102, likafunguliwa 1973, miaka kumi nyuma ya ratiba. Wale walikuwa watu wazima.

Mama Kadi
Endeleeni na makombora yenu. Darasani mradi unafia kwenye ubao wa kadi. Safu ni tatu: bado, inafanyika, imekwisha. Kosa la kwanza ni kadi kubwa kama "kutengeneza bango", inayokaa katikati wiki nzima. Kazi isiyomalizika ndani ya kipindi kimoja igawanywe: kuchagua picha, kuandika vichwa, kubandika. Pili, kila mtoto awe na kadi moja tu inayofanyika. Tatu, "imekwisha" maana yake mwenzake ameikagua. Nne, mwalimu asisogeze kadi hata moja. Akisogeza mara mbili, ubao umekuwa wake na watoto wanausahau. Na mwenye mwandiko mzuri asipewe kuandika kila mara, maana hatajifunza kingine.

Chaki Nyeupe
Alama je? Kikundi cha watano kinapewa alama moja, mmoja kafanya yote, na mnyapara mliyemteua kazi yake kuamrisha. Huo ndio usimamizi?

Mchoraratiba
Nani kataja mnyapara? Soma nilichoandika kabla ya kunirukia.

Mama Kadi
Alama ziwe mbili: ya kazi ya kikundi, na ya kila mtoto kwa kadi zake zilizokaguliwa. Msimamizi abadilishwe kila wiki. Kazi yake ni kuuliza maswali mawili tu: nini kimekwama, na nani anamsubiri nani.

Fundi Nondo
Watano ni wengi. Wanne wana jozi sita za kuelewana, watano wana kumi.

Chaki Nyeupe
Sawa, wanne. Darasa la watoto 60 ni vikundi 15, mbao 15. Ukuta uko wapi?

Mama Kadi
Hauhitajiki. Karatasi ya manila ikunjwe sehemu tatu, kadi zishikwe kwa klipu, inakaa ndani ya daftari la kikundi. Gundi usiitumie, kadi haitasogea.