Wakuu, Vim: nafutaje mistari mingi kwa mkupuo?

Vumbi la Nala: Wakuu habari za usiku. Nina faili refu kwenye Vim, ile programu ya kuhariri maandishi, nabonyeza x herufi moja moja mpaka kidole kimekufa ganzi. Kuna njia ya haraka? Naihitaji kabla hakujakucha.

Zabibu Kavu: x ni ya kudonoa, mkuu. Bonyeza Esc, halafu dd inafyeka mstari mzima, 10dd mistari kumi. D inakata kuanzia kishale kilipo mpaka mwisho wa mstari. Nukta inarudia ulichofanya mwisho. Ukiharibu, u inarudisha.

Baba Kisasa: Mimi 2009 nilikwama humo, sijui pa kutokea, nikazima swichi ya ukutani. Mama watoto akajua umeme umekatika, akawasha mshumaa. Tumia Notepad tu, kijana.

Vumbi la Nala: Asante Zabibu, ila mistari yenyewe haifuatani. Ina jina moja linalojirudia.

Zabibu Kavu: Basi :g/jina/d kisha Enter. Kila mstari wenye jina hilo unaondoka. Chunga usiweke alama ya mshangao baada ya g, itabakiza hiyo na kufagia mingine yote.

Mama Lulu: Ngoja kwanza. Faili la nani?

Vumbi la Nala: La ofisini tu. Mahudhurio.

Mama Lulu: Na jina?

Vumbi la Nala: Langu. Lakini jamani, nafuta siku nilizochelewa tu! Daladala za huku asubuhi mnazijua. Wakubwa wanaingia saa nne na hakuna anayewaandika. Januari nimeshaimaliza, siwezi kuishia njiani.

Mchungaji wa Mtandaoni: Mshahara wa udanganyifu hauna baraka, kijana wangu. Amka saa kumi.

Zabibu Kavu: Mkuu, umefikiria lakini? Mstari wa kuchelewa ukiufuta, siku hiyo hukufika kabisa. Unatoka kwenye uchelewaji unaingia kwenye utoro. Na hiyo :g inabeba hata siku ulizowahi.

Kobe Mbio: Chai hii. Siku hizi ofisi gani isiyo na mashine ya alama za vidole? Mtu anajifunza Vim, anatafuta wa kumfundisha bure, katunga na bosi.

Baba Kisasa: Hata mimi nilihisi. Januari nzima kwa x?

Vumbi la Nala: Mashine iko, ndiyo inayomwaga kwenye hilo faili. Chai gani wakati nikiandika :w kuhifadhi inagoma, inaleta kosa la E45?

Kobe Mbio: E45… basi nimefuta kauli. Hiyo mtu hawezi kuitunga.

Zabibu Kavu: Maana yake faili ni la kusoma tu. Usije ukalazimisha kwa :w! Kama folda inakuruhusu kuandika, Vim italiondoa faili na kuliunda upya, na mwenye faili anakuwa wewe. Mtu wa seva akipiga ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili na wenyewe, anakuta jina lako limekaa pale. Toka kwa :q! ukalale.

Vumbi la Nala: :w! nilishaibonyeza mkuu. Hiyo ls -l inaandikwa wapi?