Naomba ushauri: siti nzuri za The Lion King pale Lyceum, London

Habarini wadau, hasa mnaoishi London. Mama yangu anakuja kutoka Tanga mwezi ujao na nataka nimpeleke akaone The Lion King, ule mchezo wa jukwaani wa muziki, pale ukumbi wa Lyceum, shoo ipo hapo tangu 1999 na bado siti zinaisha haraka balaa. Natamani sana ayasikie yale majina ya Simba na Rafiki kwa masikio yake. Shida ni goti, ngazi nyingi hawezi, kwahiyo Grand Circle kule juu nimeshaitoa kabisa. Nimeingia kwenye tovuti siku tatu mfululizo, Jumamosi zimebaki siti moja moja tu, ila Jumatano mchana kuna mbili za Stalls (zile siti za chini) huko nyuma, pembeni ya njia, na mbili za mbele Royal Circle (roshani ya kwanza juu ya Stalls) ambazo bei yake karibu mara mbili. Wale wanyama mwanzoni si wanapita katikati ya watu huko chini, ndo maana roho inanivuta Stalls.

Sasa mliowahi kukaa, kule nyuma ile roshani ya juu inaziba jukwaa? Na kufika Royal Circle ngazi zikoje kwa mtu wa goti? Naombeni mnijibu leo kabla hazijachukuliwa.