Kikundi cha Ukoo: Atto 3 au MG ZS?

*Shangazi (Ligula), 19:42*
Habari za jioni wanangu. Hela ya korosho imeingia, nataka gari la juu la umeme. Nimebakiza mawili: BYD Atto 3 na MG ZS EV Long Range, yote yametumika Uingereza. Safari zangu hapa Mtwara mjini, Lindi, na Masasi kwa mjomba wenu. Semeni.

*Kaka Lindi, 19:51*
Shikamoo shangazi. Tuanze na betri, hapo ndipo yanapoachana. Atto ina uniti (kWh) 60.48, aina ya LFP, yaani lithiamu ya chuma na fosfeti. MG ina 72.6, zinazotumika 68.3, aina ya NMC, yaani ya nikeli, manganizi na kobalti. LFP unaijaza mpaka 100% bila hofu, tena inataka ijazwe mpaka juu walau mara moja kwa wiki, la sivyo kompyuta ya gari inapoteza hesabu ya chaji. NMC haipendi kukaa imejaa kwenye joto kama letu. Siku za kawaida unaikatisha 80%, unaijaza yote usiku wa kuamkia safari.
Kwa hiyo asubuhi ya kawaida Atto inaamka na uniti 60, MG inaamka na 55 hivi. Ukubwa wa MG utauona siku ya safari tu.

*Shangazi (Ligula), 19:53*
Marahaba. Muuzaji kaniambia MG inakwenda kilomita 440.

*Kaka Lindi, 19:58*
Hicho ni kipimo cha WLTP, cha maabara ya Ulaya, na Atto kwa kipimo hichohicho ni 420. Barabarani kwetu, mwendo wa 90 hadi 100, kiyoyozi kikiwaka, weka uniti 17 hadi 18 kila km 100. Ukitoka na 100% na kusimama ikibaki 10%, Atto ni kama km 300, MG 340. Ligula hadi Lindi na kurudi ni km 210 hivi, zote zinamudu. Masasi na kurudi ni kama 400, hakuna inayofika bila kuchaji.

*Mjomba Masasi, 20:04*
Hapa kwangu ipo soketi ya kawaida ya pini tatu. Itafaa?

*Fundi (Chuno), 20:10*
Itafaa mjomba, akilala. Chaja ya mkononi inavuta ampea 10, kwenye betri zinaingia kilowati 2 hivi. Atto ikitoka Mtwara imejaa inafika kwako na uniti 25. Kurudi inataka 35 na akiba 6, jumla 41. Pungufu ni 16, saa nane za kuchaji. MG inafika na 32, kurudi inataka 36 na akiba 7, inahitaji 11 tu, saa tano na nusu. Akija asubuhi anaweza kurudi jioni hiyohiyo.
Ila soketi ya bei chee itayeyuka. Ampea 10 mfululizo usiku kucha si sawa na pasi ya nusu saa. Weka soketi nzuri, waya wa 2.5 kutoka mein swichi moja kwa moja, hakuna ekstensheni. Baada ya saa moja shika plagi: vuguvugu sawa, ikikufanya uondoe mkono, zima.

*Mjomba Masasi, 20:12*
Basi MG. Shemeji haji kwangu kulala, ana haraka siku zote 😂

*Shangazi (Ligula), 20:13*
Shemeji usinianze. Na nikipita Newala?

*Kaka Lindi, 20:17*
Kupanda kunakula. Gari la tani 2 na abiria, kila mita 100 za kwenda juu ni zaidi ya nusu uniti, mbali na mwendo wenyewe. Kushuka unarudishiwa sehemu, si yote. Na betri ikiwa 100% kabisa huwezi kurudishiwa, haina pa kuweka, breki za kawaida ndizo zitafanya kazi. Kwa hiyo usijaze juu ya mlima halafu uanze kushuka.

*Dada Shangani, 20:21*
Kuna mtu anauza Yuan Plus ya China. Anasema ndiyo Atto 3 hiyohiyo, bei imepungua sana. Picha hizi hapa.

*Kaka Lindi, 20:29*
Gari ndilo hilo, lakini tazama picha ya tatu. Usukani kushoto. Halafu mdomo wa kuchajia: matundu mawili tofauti, kila moja na kifuniko chake. Hiyo ni GB/T ya China. Ya Uingereza ni CCS2, mdomo mmoja wa duara wenye pini saba na chini yake pini mbili nene. GB/T ya kuchaji taratibu inafanana na Type 2, ile ya duara ya Ulaya, kwa macho lakini haziingiliani, utaishi na adapta. Menyu nayo Kichina. Rahisi kununua, ngumu kuuza.

*Shangazi (Ligula), 20:31*
Hiyo nimeiacha. Fundi, nyumbani kwangu unafanya nini?

*Fundi (Chuno), 20:44*
Chaja ya ukutani ya kilowati 7, fezi moja ya umeme, ampea 32. Atto inajaa kwa saa tisa hadi kumi, MG kumi na moja. Waya wa shaba 6 mm² kama ni karibu na mein, ukizidi mita 20 weka 10. Breka 40 yake peke yake, na RCD (kikata umeme ukivuja) ya Type A kwa chaja yenye kinga ya miliampea 6 za DC ndani. Kama haina, RCD ya Type B. Usiruhusu fundi aunganishe na laini ya jiko.
Kubwa ni athi. Chaja hizi zinapima athi kabla ya kuanza, isipoipata zinawasha taa nyekundu. Watu wanarudisha chaja nzima dukani kumbe kosa ni rodi ya athi iliyochimbiwa ardhini. Mchanga wa pwani ukikauka unapitisha umeme vibaya, rodi moja fupi haitoshi. Kipimo kikizidi omu 10 naongeza rodi, umbali usiopungua urefu wa rodi yenyewe. Kifungio kiwe cha shaba, chumvi inakula cha chuma. Jenereta nayo inakataliwa vilevile, mpaka nyutro ifungwe na athi.
Panga ianze saa tano usiku. Jioni umeme ukiwa mdogo chaja inakatakata.

*Dada Shangani, 20:46*
Na LUKU?

*Fundi (Chuno), 20:50*
Kama yuko kwenye tarifu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, aiage. Kwenye T1, tarifu ya kawaida, uniti ni shilingi 356 hivi na kodi zake. Km 100 ni uniti 19.5 ukihesabu zinazopotea kwenye kuchaji, kama 6,950. Linganisha na petroli kwa bei ya EWURA ya Mtwara, inatangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

*Mjomba Masasi, 20:52*
Magunia je?

*Kaka Lindi, 20:58*
Atto inabeba kilo 410 pamoja na watu. Watu wawili na magunia matatu ya kilo 80, basi. Ya MG asome bamba la mlangoni. Kumbuka uwazi wa chini wa Atto ni mm 175 likiwa tupu. Likishiba, tuta refu litakwangua bamba la betri. Na zote hazina spea, ni dawa ya kuziba na pampu tu, ambayo haisaidii tairi likichanika ubavuni. Tafuta spea kabla ya safari ya kwanza.

*Shangazi (Ligula), 21:02*
Nikague nini kabla ya kulipa?

*Kaka Lindi, 21:11*
Muuzaji atume picha ya SoH, yaani afya ya betri, iliyosomwa kwenye soketi ya OBD ya kupimia gari, si asilimia ya chaji. Tofauti ya volti za seli: MG ikiwa imetulia, milivolti 10 hadi 20 ni nzuri, ikipita 50 uliza. Atto usiisome ikiwa nusu, LFP katikati inaonyesha seli zote sawa hata kama hazifanani. Isomwe ikikaribia kujaa. Picha za chini pia, Uingereza wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Betri ndogo ya volti 12 ipimwe, ikifa gari haliwaki hata kubwa ikiwa imejaa.
Ukichukua MG, mara moja kwa mwezi ijaze taratibu mpaka 100% na usichomoe hapohapo. Inaendelea kuvuta kidogo ikisawazisha seli.
Mimi ningechukua Atto. Siku nyingi uko mjini, na joto hili ni la LFP.

*Shangazi (Ligula), 21:15*
Atto basi. Shemeji, andaa kitanda.

*Mjomba Masasi, 21:16*
Na soketi nzuri 😂

*Fundi (Chuno), 21:18*
Jumamosi asubuhi nakuja na kipimo cha athi, shangazi. Ile bustani karibu na mein usiimwagilie tangu Alhamisi, maji yatanipa kipimo kizuri cha uongo.